Sura ya Tisa: Leso za Gauthier

Daniella alianza kuwachukia samaki wa Vitshumbi mwaka huo, na samaki wenyewe hawakuwa wamemkosea chochote. Walikuwa tilapia wanono, waliopasuliwa vizuri na kutiwa chumvi, na kila Alhamisi walifika nyumbani kwa mchumba wake, Gauthier, mtaani Mabanga mjini Goma, ndani ya beseni la bluu. Shida yake ilikuwa mwanamke aliyelibeba beseni hilo.

Alhamisi hiyo alilikuta mlangoni kabla hata hajabisha hodi. Alisimama kwanza, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, akavuta blauzi mpya ikae vizuri kiunoni. Yeye ni fundi wa kushona, na blauzi ile aliikata na kuishona kwa siku mbili kwa ajili ya nafasi kama hii. Mwanamke mwenye akili haendi kukutana na mshindani wake akiwa amevaa nguo za kufulia.

Ngoja nikukumbushe mambo yalivyokuwa, maana wivu wa Daniella ulikuwa na cheti chake. Wiki saba nyuma, gari la Gauthier lilipasuka tairi likitoka Vitshumbi na mzigo wa samaki. Alipokuwa anainua gari kwa jeki, ule mtaimbo wa chuma ukamponyoka, ukaruka, ukampiga katikati ya paji la uso, juu kidogo ya nyusi. Mfupa ukabonyea ndani. Aliyekuwa naye garini ni Béata, mchuuzi wa samaki, mteja wake wa muda mrefu, na ndiye aliyempakata kichwa mapajani, juu ya kitenge chake, mpaka Goma. Madaktari wakasema hakuna kungoja. Mfupa uinuliwe, ushikwe kwa vibati vidogo na skrubu, na iwe leo. Wakataka mtu wa familia atie sahihi. Simu ya mama yake Gauthier haikupatikana. Béata akachukua kalamu, na pale palipoulizwa ana uhusiano gani na mgonjwa, akaandika: bibi yake, yaani mke wake.

Daniella alipofika jioni, mbio mbio, kiatu kimoja kimekatika mkanda, muuguzi alimzuia mlangoni kwa upole.

"Weye ni dada ya mugonjwa? Ngojea kidogo. Bibi yake iko ndani."

Neno hilo lilimkaa Daniella kooni wiki saba nzima.

Sasa aliingia sebuleni. Gauthier alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, amekonda, kovu jekundu likipita kwenye paji lake kutoka nyusi moja hadi nyingine. Daniella alikuwa ameshalikagua kovu hilo mara nyingi, kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake, na akakiri kwamba mshono ulikuwa safi. Alilipenda kovu lile. Alimpenda mwanaume huyu na mfupa wake wenye skrubu, na Jumamosi, siku mbili tu zilizobaki, mbuzi wa mahari walikuwa waende kwa baba yake.

Béata alikuwa ameketi karibu naye. Karibu mno, kwa kipimo cha Daniella.

"Karibu, dada," alisema Béata.

"Aksanti. Nyumba hii ninaijua."

Gauthier akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Sheri, mpenzi wangu, keti. Béata alikuwa anataka kwenda."

"Aende kwa sababu yangu? Abakie. Yeye ndiye bibi, hata karatasi ya hospitali inasema vile."

Jikoni alisikika mama yake Gauthier, Mama Kahindo, akifunika sufuria taratibu, kama mtu anayetaka kusikia kinachofuata.

"Dada," Béata alisema, "ile siku, kama ningeandika kwamba miye ni muteja wake wa samaki, wangengojea mutu mwingine. Angekufa pale nikiwa natafuta neno."

"Ungeandika dada. Ungeandika shangazi. Neno ziko mingi."

Béata alifungua mdomo, akaufunga. "Ile ndiyo ilikuja," alisema mwishoni.

Alichelewa kidogo tu kujibu. Mtu mwingine asingegundua, lakini mwenye wivu ana masikio manne, na Daniella alikusikia kuchelewa kule vizuri kuliko jibu lenyewe. Alijua wakati ule ule kwamba mwanamke huyu anampenda Gauthier. Kilichobaki kujua ni kama Gauthier naye anampenda.

Béata alisimama kuaga. Gauthier akanyoosha mkono chini ya kiti kutafuta viatu vyake ili amsindikize.

"Usiiname," Béata alisema haraka, akiwa ameshafika mlango wa jikoni. "Dokta alikataza."

Akaingia jikoni kumuaga Mama Kahindo. Daniella alibaki pale na maneno yale yakimchoma. Dokta alikataza kuinama? Lini? Yeye ndiye mchumba, yeye ndiye aliyemfulia na kumpikia uji tangu atoke hospitali, na hakuna aliyemwambia.

Gauthier aliinama hivyo hivyo. Alikaa vile kwa muda, ameshika kamba za kiatu bila kuzifunga, na Daniella akaona matone yakianguka kwenye sakafu ya simenti. Moja. Jingine. La tatu. Gauthier akatoa leso mfukoni, akajipangusa uso haraka akiwa amegeukia ukutani.

Analia, Daniella alijiambia. Mwanamke ameaga, na yeye analia.

Alingoja mpaka aliposikia sauti ya Béata ikiishia barabarani. Gauthier hakutoka kumsindikiza. Alikuwa amerudi kuegemea kiti, macho ameyafumba.

"Unamulilia," Daniella alisema.

"Nani? Miye?"

"Nimeona machozi kwa macho yangu. Mwanamuke anaaga, unainama, unalia. Unafikiri miye ni kipofu?"

"Ni gripe, sheri, mafua tu. Tangu siku tano, pua inatoka maji. Siyo kitu."

"Gripe inakuja siku ya Alhamisi tu?"

Gauthier alitaka kucheka, akashika kichwa. "Usinichekeshe, inaniuma."

"Sikuchekeshi. Dokta alikataza kuinama, yeye anajua, miye sijui. Kwa nini?"

Gauthier hakuwa mtu wa kudanganya, na kila alipojaribu masikio yalimwiva. Yaliiva sasa. "Nilisahau kukuambia."

"Ulisahau." Daniella alihisi machozi yanamjaa, akayakatalia. "Mama yangu anasema kila siku, mwanaume ambaye mwanamuke mwingine alimusainia, iko na mwenyewe. Baba yangu anasema tungojee, tuone. Miye ndiye niliwabishia. Nilibishana na nyumba muzima kwa sababu yako, Gauthier. Kumbe wao ndio wanaona."

"Daniella, sikia."

"Jumamosi usilete mbuzi."

Alisema kwa sauti ndogo, na ndiyo maana iliuma zaidi. Gauthier aliweka mikono yote miwili juu ya magoti. Mama Kahindo alitokea na birika ya chai, akasimama katikati ya sebule kama aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

"Mwanangu," mama alisema, "hasira ya leo usiifanye sheria ya kesho."

"Mama, nisamehe. Nimechoka," Daniella alisema.

Akatoka. Lakini alipopita kwenye kona ya chumba aliuchukua mfuko wa leso chafu za Gauthier, kama alivyofanya kila Alhamisi tangu mgonjwa atoke hospitali. Kuvunja uchumba ni jambo moja, kumwachia Béata zile leso ni jambo lingine kabisa.

*

Usiku alilala akiwa ameupa ukuta mgongo na asubuhi aliamka na macho mazito. Mama yake alimuuliza Jumamosi apike kwa ajili ya watu wangapi, naye akajibu kwamba hajui, akatoka na beseni la maji na sabuni kabla hajaulizwa zaidi.

Alimwaga leso kwenye jiwe la kufulia. Nne. Na kabla ya kuzilowesha alifanya alichokifanya kila wiki, jambo asilomwambia mtu yeyote: alizikagua moja moja kutafuta rangi ya mdomo, au nywele, au harufu ya manukato. Alizinusa. Alizishika mpaka kwenye pindo.

Hakukuwa na rangi ya mdomo. Hakukuwa na kitu. Na hapo vidole vyake vikasimama.

Daniella alikulia na kaka watano. Alijua leso ya mtu mwenye mafua ikoje ikikauka: inakakamaa, inabaki na ukoko, mpaka uifikiche ndipo ikunjuke. Hizi zilikuwa zimelowa, hilo lilionekana, kwa sababu kila moja ilikuwa na duara hafifu lililoachwa na maji. Lakini zilikauka laini. Hakuna ukoko, hakuna unjano, zimekauka kama zilizochovywa kwenye maji ya kunywa. Na ziko nne, kwa mwanaume ambaye kwa kawaida leso moja inamtosha wiki.

Machozi? Hapana. Hakuna mwanaume anayelia leso nne kwa sababu ya mchuuzi wa samaki, hata kama anampenda. Alikumbuka yale matone. Machozi yangetoka macho mawili. Yale yalianguka mahali pamoja, moja juu ya jingine, kama bomba lisilofungwa vizuri. Na yalianza alipoinama.

Usiiname, dokta alikataza.

Alipiga simu kwa Gauthier. Imezimwa. Alipiga tena, imezimwa. Bila shaka, alijiambia, kwani jana ulimwachia sababu ya kuwasha simu? Mama Kahindo alikuwa misa ya asubuhi. Daktari yule Daniella hakumjua kwa jina wala namba. Palikuwa na mtu mmoja tu Goma nzima aliyekaa mbele ya daktari siku ile na kuambiwa kila kitu, kwa sababu daktari alidhani anazungumza na mke wa mgonjwa.

Daniella aliketi juu ya jiwe la kufulia na kwa muda wa kama dakika mbili alipigana na nafsi yake. Sitamficha msomaji: zilikuwa dakika mbili ndefu, na nafsi ilikaribia kushinda. Kisha akatia leso kwenye mfuko na kwenda kutafuta pikipiki.

*

Béata alikuwa sokoni, anapanga samaki kwenye majani. Alimwona Daniella akija, akaweka kisu chini kwa makusudi, ili ionekane wazi kwamba mikono yake ni mitupu.

"Dada, kama umekuja tugombane, ngojea nimalizie muteja huyu."

"Sikukuja kugombana." Daniella alinyoosha leso. "Shika. Niambie unasikia nini."

Béata alipangusa mikono, akashika kitambaa. "Ni kavu."

"Alisema iko na gripe siku tano. Leso nne kama hii. Jana aliinama, maji ikaanguka. Miye nilifikiri analia. Nilifikiri anakulilia weye."

Béata hakutabasamu. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Maji safi? Tundu ya pua moja ao mbili?"

"Moja. Ilianguka fasi moja."

"Mungu wangu." Béata alianza kufunika samaki palepale, mteja akiwa bado anauliza bei. "Dokta alisema nyuma ya ule mufupa kuna ngozi nyembamba inafunika ubongo. Kama ilipasuka, maji ya ubongo, iko na chumvi, inateremukia puani na kooni. Alisema, mukiona maji safi akiinama, mumurudishe mbio, kwa sababu njia maji inatokea, ugonjwa nayo inaingilia. Nilimwambia Gauthier. Nilimwambia mara tatu. Aliapa kwamba weye unajua."

"Sikujua."

"Sasa ninaona."

Ilipatikana pikipiki moja tu. Walipanda wote wawili, kama watu wa Goma wanavyopanda, dereva mbele, Daniella katikati, Béata nyuma. Kwenye mawe ya lava pikipiki iliruka, na Béata akalazimika kumshika Daniella kiunoni, juu ya mshono wa ile blauzi. Daniella alinusa samaki na akajiona mpumbavu kwa kufikiria, hata saa ile, kwamba mikono hii ndiyo iliyoshika kichwa cha Gauthier.

Walimkuta Gauthier uani. Alikuwa ameinama, anamfunga mbuzi kamba shingoni. Mbuzi wengine walikuwa tayari wamefungwa kwenye mti wa ua, safi, wamepigwa brashi. Leso ya tano ilining'inia mfukoni mwake.

"Nilikuambia usilete," Daniella alisema, na sauti ikamkatika.

"Ndiyo maana nilikuwa nafunga. Ili nilete."

"Simama. Simama pole pole, usiiname tena, tafadhali, baba."

Alisimama, akayumba kidogo. Tone likaning'inia kwenye tundu la kushoto la pua, angavu, likaanguka kwenye shati. Wanawake wote wawili waliliona. Gauthier aliona wanavyotazama, akamwona Béata nyuma ya Daniella, na masikio yakamwiva kabisa.

"Inakuwa na chumvi," Daniella alimuuliza, "ukilala, inateremuka kooni?"

"Ndiyo."

"Na ulijua siyo gripe."

"Nilifikiri inaweza kuwa." Aliangalia chini, kisha akakumbuka, akainua kichwa. "Kama ningekuambia, ungeambia baba yako. Baba yako angesema tungojee mpaka nipone. Miye sikutaka kungojea tena, Daniella. Wiki saba watu wanakuita dada yangu."

Hapo ndipo Daniella alipoelewa, na aliona haya, na alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia. Alimshika tu mkono. Ulikuwa na joto la kawaida, namshukuru Mungu, siyo la homa.

*

Daktari aliyewapokea hospitalini aliitwa Habineza, mtu mfupi, mwenye maneno machache. Alimfanya Gauthier ainame juu ya karatasi, akayatazama matone, akamwambia akunje shingo mpaka kidevu kiguse kifua. Kidevu kiligusa. Daktari alipumua kwa nguvu, na Daniella, aliyekuwa hajui anangoja nini, alipumua pamoja naye.

"Shingo ingegoma, ugonjwa ungekuwa umeshaingia kichwani, tungekuwa tunaongea mambo mengine," Habineza alisema. "Sasa atalala hapa, kichwa kimeinuliwa. Hakuna kupenga kamasi. Chafya atoe kwa mudomo wazi. Asibebe kitu, asiiname, asichekeshwe, asikasirishwe. Mara nyingi ngozi inajifunga yenyewe. Kama baada ya wiki maji bado yanatoka, tutafungua tena na kuziba kwa kipande kidogo cha nyama laini kutoka paja yake. Nani aliona kwamba siyo gripe?"

"Bibi yake," Béata alisema, akimwonyesha Daniella kwa kidevu. "Huyu."

Daktari alishangaa kidogo, akatazama faili, akatazama wanawake wawili, akaamua kwamba hayo hayamhusu.

Baadaye walitoka nje pamoja. Jua lilikuwa kali, na kwenye nyasi akina mama wanaouguza wagonjwa walikuwa wameanika nguo. Daniella alisimama kivulini.

"Béata, niambie kweli. Sitapiga kelele. Unamupenda?"

Béata alitazama nguo zilizoanikwa. "Tangu mwaka jana."

"Yeye anajua?"

"Yeye anajua bei ya kubeba samaki mpaka Goma. Ingine hapana. Ile siku walitaka mutu wa familia, na nilifanya haraka kwa sababu alikuwa anakufa. Hiyo ni kweli. Lakini sitakudanganya, dada. Wakati niliandika ile neno, mukono haukutetemeka."

Daniella alikuwa ametaka kulisikia hili kwa wiki saba, na sasa alipolisikia hakupata raha yoyote. Alimwona Béata alivyo, mwanamke mwenye magamba ya samaki yaliyokaukia kwenye viganja, aliyeacha mali yake sokoni bila mlinzi. Alimhurumia kweli. Na wivu ulikuwa palepale, haujapungua hata kidogo.

"Weye ulimuokoa," alisema. "Bila weye, sasa ningekuwa navaa nguo ya matanga. Na leo umemuokoa tena. Nitakushukuru mpaka nife, na kwenye ndoa yangu nitasema jina lako mbele ya watu wote."

"Siyo lazima."

"Nitasema." Akavuta pumzi. "Lakini kesho usikuje. Na kesho kutwa usikuje. Usikuje tena kwake, Béata. Miye siko mutu muzuri mpaka pale."

Béata alimtazama kwa muda.

"Ningekuwa weye," alisema, "ningenifukuza tangu siku ya kwanza."

Akaweka kitenge chake sawa begani, akaenda. Daniella alimsindikiza kwa macho mpaka alipopita getini na kuchanganyika na watu wa barabarani. Hapo ndipo alipolia, kwa ajili yake mwenyewe na kidogo kwa ajili ya yule anayeondoka. Kisha akapangusa uso kwa mikono, akarudi ndani, akavuta kiti karibu na kitanda cha Gauthier, karibu mno kwa kipimo cha mtu yeyote, akakaa.